Taarifa Zinapanda, Majibu Hayashuki

Kwenye zahanati moja ya kijijini, katika bonde linalolimwa mpunga, nilifunguliwa kitabu namba tano cha MTUHA, mfumo wa kumbukumbu za vituo vya afya, kile wanachoandikwa wagonjwa wa nje. Pembe zimechakaa, mgongo umeshikizwa kwa plasta ya kidonda. Nesi aliyekuwa zamu alinipeleka kwenye kurasa za msimu wa mvua. Mstari kwa mstari: tarehe, jina, umri, kitongoji, homa, kipimo cha malaria hasi, dawa. Lakini nje ya safu zilizochapwa, ukingoni kabisa mwa karatasi, alikuwa ametia vinyota kwa penseli. Nikamuuliza ni vya nini.

"Hao ni wenye homa isiyo malaria, kaka. Macho mekundu, na ukiwaminya shavu la mguu wanapiga kelele. Wote wametoka majarubani."

Nilihesabu vinyota kumi na kimoja ndani ya wiki tatu. Hakuna aliyemfundisha kuvitia. Safu rasmi za kitabu hazina mahali pa kuandika kwamba kitu fulani hakijakaa sawa, kwa hiyo akajitengenezea mahali pake. Akapiga simu wilayani kama alivyoelekezwa. Akachukua damu ya wagonjwa wanne, akaipanga kwenye kiboksi cha baridi cha chanjo, akamkabidhi dereva wa bodaboda aliyelipwa kwa fedha za mfukoni mwa mganga mfawidhi. Nilipofika pale ilikuwa imetimia miezi minane, na hajapata jibu. Hakuambiwa kama ni ugonjwa fulani, hakuambiwa kama si kitu, hakuambiwa hata kwamba sampuli ziliharibika njiani.

Nimeanza na nesi huyu kwa sababu tunapozungumzia ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza tunapenda kuanzia juu: maabara, mitambo, mifumo ya kompyuta, vikao vya Dodoma, Nairobi na Geneva. Vyote vinahitajika. Lakini mlolongo mzima unaanza na mtu mmoja aliyeona kitu na kuamua kusema, na mtu huyo asiporudishiwa jibu, siku moja ataacha kusema. Kwa maoni yangu hilo ndilo tatizo kubwa la ufuatiliaji katika ukanda wetu, kubwa kuliko uhaba wa mashine.

Mpaka leo, katika nchi zetu, homa ikiingia zahanati jina lake la kwanza ni malaria. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, kwa wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa. Kati yao 528 waliandikiwa malaria. Walipopimwa kwa kina, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Zaidi ya robo ya wale waliochunguzwa kwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama walikutwa nayo: leptospirosisi inayobebwa na mkojo wa panya na mifugo, homa ya Q, homa za kupe, brusela. Wengine walikuwa na chikungunya, ugonjwa ambao wengi wetu tulidhani ni wa mahali pengine.

Tangu wakati ule kipimo cha haraka cha malaria kimeenea mpaka zahanati za mwisho wa barabara, na ni jambo jema sana. Ila kimeleta swali jipya ambalo mfumo haujalijibu: kipimo kikisoma hasi, basi ni nini? Kwa sehemu kubwa jibu ni kidonge cha antibayotiki na neno "homa" kwenye safu. Humo ndani ya neno hilo moja unaweza kujificha mlipuko mzima.

Ndui, ugonjwa pekee wa binadamu tuliofanikiwa kuufuta duniani, uliaga kwa namna inayofanana na hiyo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa katika jamii alipatikana Merca, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa mpishi wa hospitali. Kwanza walidhani ana malaria, halafu wakasema tetekuwanga. Hata wakati ule, na timu za ndui zimejaa nchi nzima, jicho la kwanza lilikosea. Kilichoziba pengo ni kwamba kampeni ile ilikuwa imeweka zawadi ya fedha kwa yeyote atakayetoa taarifa ya mgonjwa. Mtoa taarifa alihesabiwa kuwa mtumishi wa kazi ile, na alipewa chake.

Nitakaa kidogo kwenye Homa ya Bonde la Ufa, kwa sababu sijui mfano mwingine unaoonyesha jambo hili wazi namna hii.

Kirusi chake kilitambuliwa miaka ya 1930 na 1931 karibu na Ziwa Naivasha, kwenye shamba la kondoo. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabondeni, na mayai hayo, mengine yakiwa tayari na kirusi ndani yake, yanaweza kukaa makavu kwa miaka. Mvua kubwa ikija na mabonde kujaa maji, yanaanguliwa kwa mamilioni. Mbu wanauma mifugo, kondoo na mbuzi wanatupa mimba kwa mafungu, watoto wa mifugo wanakufa, halafu binadamu anayechinja, anayezalisha mnyama au kunywa maziwa mabichi anaugua. Kwa hiyo maradhi haya yana ngazi, na kila ngazi ina mtu anayeiona.

Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakifuatilia joto la bahari na ukijani wa nchi kwa setilaiti walitoa tahadhari kabla ugonjwa haujazuka: mvua za El Niño zinakuja, na Pembe ya Afrika iko hatarini. Walikuwa sahihi. Desemba ugonjwa ulithibitishwa Garissa, ukasambaa Kenya, Somalia, na mwanzoni mwa 2007 ukaingia Tanzania. Kwetu walihesabiwa wagonjwa 264 na vifo 109, Dodoma ikiumia zaidi. Kenya vifo vilizidi 150.

Baadaye watafiti walikaa na wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya wakawaomba wasimulie kilichotokea, hatua kwa hatua. Wafugaji walikuwa na jina lake tayari: sandik, pua ya damu. Walikumbuka mvua ilianza lini, mawingu ya mbu yalitokea lini, mnyama wa kwanza aliugua lini. Kwa wastani, kutoka mvua kubwa hadi mbu kufurika zilipita siku 23.6. Kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua, siku 16.8. Kutoka mnyama wa kwanza hadi binadamu wa kwanza, siku 17.5. Halafu kutoka binadamu wa kwanza hadi huduma ya afya kuingilia kati, siku 30.2. Na kutoka mnyama wa kwanza hadi huduma ya mifugo kufika, siku 61.7.

Zitazame namba hizo upya. Setilaiti iliona. Mfugaji aliona. Waliokuwa katikati, wenye magari na vyeo na chanjo za mifugo, ndio waliochelewa miezi miwili. Mfugaji alikuwa na zaidi ya wiki mbili za kutahadharisha kabla binadamu wa kwanza hajaugua, na wiki hizo zilipotea zote.

Tukiishia kusema hakuulizwa tutakuwa hatujamaliza. Hata angeulizwa, angesema? Mfugaji anayetoa taarifa kwamba kondoo wake wanatupa mimba anajua kinachofuata: karantini, mnada kufungwa, bei kuanguka, na hakuna fidia. Ametoa taarifa, amelipa yeye. Mwaka ule minada ya kaskazini mashariki mwa Kenya ilifungwa, na familia ambazo chakula, ada ya shule na mahari vyote hutoka kwenye kundi la mifugo zilikaa bila pa kuuza. Ukimfanyia mtu hivyo mara moja, mara ya pili atamhamisha kondoo usiku.

Mataifa nayo hufanyiwa hivyohivyo. Kati ya 1997 na 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu, ingawa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema hatari ya kuambukizwa kupitia samaki hao ni ndogo. Walioumia ni wavuvi wa sangara na kina mama wa viwanda vya minofu Mwanza na Kisumu. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliiambia dunia kwamba UVIKO umejibadilisha, wakatoa taarifa zao zote hadharani, na ndani ya siku chache nchi tajiri zikawafungia ndege. Kiongozi wa nchi inayoishi kwa watalii na mauzo ya nje anaziona hesabu hizo kama mfugaji anavyoziona za kwake.

Naelewa hofu hiyo. Lakini naikataa inapogeuzwa kuwa sababu ya kunyamaza, kwa sababu tumekwisha kuona matunda yake. Mwaka 2020, hesabu ilipofika wagonjwa 509 na vifo 21, nchi yetu iliacha kutangaza takwimu za UVIKO, ikakaa hivyo zaidi ya mwaka. Muda huo tuliendelea kuzika, kila familia na msiba wake, na hakuna aliyeweza kusema tumezika wangapi wala kwa nini. Methali ya mficha maradhi tunaielekeza kwa mgonjwa, wakati anayestahili kuambiwa kwanza ni mwenye ofisi.

Tuna pia mfano mwema, na ni wa nyumbani. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kufika kituo cha afya cha Mbekenyera na homa, uchovu na damu kutoka puani. Wahudumu hawakuandika "homa" wakafunga kitabu. Walitoa taarifa, wataalamu wakashuka, sampuli zikapimwa Ebola, zikapimwa Marburg, zikapimwa UVIKO, zote hasi. Hawakuishia kwenye hasi. Tarehe 18 Julai waziri wa afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ni leptospirosisi, homa ya Mgunda. Wagonjwa 20, vifo vitatu. Katika hesabu za dunia ni tukio dogo. Kwangu mimi ni moja ya kazi bora za afya ya jamii tulizofanya, kwa kuwa swali lililoulizwa na kituo cha afya cha kijijini lilirudishiwa jibu lenye jina, wiki mbili hivi baadaye, na wakulima wakaambiwa nini cha kufanya kuhusu panya na maji.

Mwaka uliofuata Kagera ilijaribiwa. Machi 16, 2023 Serikali ilisema kuna ugonjwa usiojulikana umeua watu Bukoba Vijijini, na Machi 21 ikautaja: Marburg, kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, ndani ya Ziwa Victoria, akaugua baada ya kurudi kijijini. Kufikia Juni 2, mlipuko ulipotangazwa kumalizika, wagonjwa walikuwa tisa, waliofariki sita, mmoja wao mhudumu wa afya. Kwa kirusi kinachoweza kuua hata tisa kati ya kumi, kuzuiwa kwenye idadi hiyo ni kazi ya watu waliosema mapema, wakasikilizwa.

Halafu ikaja Biharamulo. Mgonjwa wa kwanza aliyefahamika, mwanamke mtu mzima, alianza kuugua Desemba 9, 2024. Shirika la Afya Duniani lilipata habari Januari 10, 2025, na tarehe 14 likatangaza kwamba kuna washukiwa wa Marburg. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazina Marburg. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha mgonjwa mmoja. Kipimo kilikuwa kimefanyika kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile, hukohuko Kagera, kikahakikishwa Dar es Salaam. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa. Wote kumi walikufa.

Kipimo kinachotumika siku hizi kimataifa ni cha saba, moja, saba: siku saba kugundua mlipuko tangu uanze, siku moja kutoa taarifa, siku saba kukamilisha hatua za kwanza. Kutoka Desemba 9 hadi Januari 10 ni siku 32. Maabara ilikuwepo karibu. Wataalamu waliopita kwenye mlipuko wa 2023 walikuwepo mkoani. Mashine haikukosekana. Kilichokosekana ni njia iliyo wazi kutoka kwa aliyeona hadi kwa aliyepaswa kuchukua hatua, na kila siku ya majibizano ya "ipo" na "haipo" ni siku ambayo muuguzi wa Biharamulo alimgusa mgonjwa bila kujua avae nini.

Hapa kuna mkanganyiko ambao ni lazima tuutatue. Kutangaza mlipuko ni jambo moja, kutoa taarifa ni jambo jingine. Kutangaza ni kwa wizara, na ni sawa, kwa sababu tetesi nazo zinaua. Lakini woga wa kutangaza umeshuka ngazi kwa ngazi mpaka umekuwa woga wa kuripoti. Mganga wa kituo anajiuliza kama akipiga simu ataonekana anachafua jina la wilaya. Mkuu wake anajiuliza hivyohivyo kuhusu mkoa. Na kwa kuwa juu kukikaliwa kimya chini hakuna anayethubutu, nesi anabaki na penseli yake.

Siku ileile ya Januari 20, 2025, wakati Dodoma inathibitisha Marburg, Washington rais mpya wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje na nyingine ya kuitoa nchi yake katika Shirika la Afya Duniani. Sehemu kubwa ya ufuatiliaji wetu, kuanzia kusafirisha sampuli hadi mafunzo na vifaa vya maabara, ilikuwa imesimama juu ya fedha hizo. Nimesikia wengi wakilalamika, na wana haki. Mimi limeniuma jambo jingine: kwamba miaka 27 baada ya nchi za Afrika kukubaliana Harare, mwaka 1998, kuunganisha ufuatiliaji wa magonjwa kuwa mfumo mmoja, nauli ya sampuli kutoka zahanati hadi wilayani bado ilikuwa inategemea kura za watu wa Ohio, huko Marekani.

Na kitu ninachokidai hakihitaji mabilioni. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kupitia kituo cha SACIDS pale Morogoro, walitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData. Watu wa vijijini, pamoja na wa jamii za wafugaji wa Ngorongoro, walifundishwa kuitumia kutuma habari za ugonjwa wa binadamu na wa mifugo kwa pamoja, na mfumo umejengwa ili aliyetuma arudishiwe ujumbe. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Mifumo mingi niliyowahi kuiona imetengenezwa kama bomba la maji la upande mmoja: takwimu zinapanda kila wiki, wilayani zinajumlishwa, mkoani zinajumlishwa tena, na mwisho zinakuwa grafu nzuri kwenye ukuta ambao nesi hataufikia maisha yake yote.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuajiri wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Ni uamuzi mkubwa na nauunga mkono kwa moyo wote. Ila tukiwapa simu na fulana na fomu za kujaza bila kumpa yeyote wilayani wajibu wa kuwajibu, tutakuwa tumeongeza idadi ya watu wanaozungumza peke yao. Napendekeza wajibu huo uandikwe kwenye kazi ya mtu anayejulikana kwa cheo: kila taarifa ya tukio lisilo la kawaida ijibiwe ndani ya siku saba, hata kama jibu ni "sampuli imeharibika, tuma nyingine" au "tumepima magonjwa haya matatu, si yenyewe, endelea kuangalia". Mganga mkuu wa wilaya aulizwe kwenye kikao cha mkoa amejibu ngapi, kama anavyoulizwa sasa amekusanya ngapi. Na mfugaji anayetoa taarifa alipwe fidia ya mnyama aliyekufa au kuchinjwa kwa amri. Fidia hiyo, hata ikikadiriwa kwa ukarimu, ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya mnada wa mkoa mzima kufungwa kwa miezi.

Watu wa ukanda huu wanajua kuona. Mwaka 1952, huko Newala, watu waliuita ugonjwa mpya kwa Kimakonde, kwa jinsi unavyomkunja mgonjwa viungo. Miaka kadhaa baadaye kirusi kikaingia kwenye vitabu vya dunia nzima kwa jina hilohilo, chikungunya. Daktari aliyeandika kuhusu mlipuko ule alilikuta jina limeshapatikana kwa wagonjwa wenyewe.

Mwezi uliopita nilimpigia simu nesi wa zahanati ile ya bondeni kumjulia hali. Mvua zilikuwa zimeanza, alisema foleni ya homa ni ndefu na yuko peke yake zamu. Nikamuuliza kuhusu vinyota. Akaniambia kitabu kile kimejaa, wamefungua kingine, na hicho kipya hajakitia alama yoyote.